Mafuta Yaliyokwenda na Joto

Kijiweni kwetu mtu akisema anaandika insha ya historia, wenzake wanajua tayari kinachokuja: Maji Maji, Mkwawa, utumwa, uhuru. Siwalaumu. Hayo ndiyo tuliyokaririshwa tangu darasa la tano, na mitihani ilitaka hayo hayo. Lakini mimi nimeshikwa na historia nyingine, na naomba msomaji anivumilie, maana haina mashujaa wala mikuki. Ni historia ya matangi ya mafuta yaliyofukiwa ardhini kwenye vituo vya petroli, vile ambavyo sisi wa Dar tunaviita sheli hata kama kampuni ni nyingine kabisa. Tena nimeifuata mpaka Marekani. Si kwamba napenda ya mbali. Huko ndiko ilikoandikwa, ikapigwa muhuri, ikatungiwa sheria. Ya kwetu bado imelala kwenye madaftari.

Swali la kwanza nililojiuliza ni hili: nani aliyeyafukia? Nilidhani ni wenye sheli, wabanie nafasi. Kumbe waliosukuma jambo lile zaidi ni watu wa zimamoto. Magari yalipoanza kuwa mengi mwanzoni mwa karne ya 20, petroli iliuzwa kwa madebe na mapipa, dukani, karibu na jiko na taa ya chemli. Cheche moja, mtaa mzima majivu. Kanuni za moto zikataka mafuta yakae chini ya udongo, mbali na moto. Kwa hiyo kulifukia tangi ilikuwa ndiyo usalama wenyewe. Waliotunga kanuni zile walikuwa wanafikiria moto tu, na kwa upande wa moto walipatia. Maji hayakuwamo katika hesabu yao.

Matangi yalikuwa ya chuma kitupu, mengine yamepakwa lami kidogo. Baada ya vita vya pili, na hasa baada ya sheria ya barabara kuu aliyotia saini Rais Eisenhower mwaka 1956, vituo viliota kila kona ya Marekani, na kila kituo kilifukia matangi mawili, matatu, manne. Halafu wakamwaga zege juu na kuyasahau.

Chuma ukikifukia kwenye udongo wenye unyevu hakilali. Sehemu moja ya tangi inagusa udongo mkavu, nyingine inagusa udongo wenye maji au chumvi, na kati ya hizo mbili unazaliwa umeme mdogo, kama wa betri ya redio. Upande mmoja wa betri hiyo huliwa. Na haliliwi tangi zima kwa usawa, la. Inaliwa nukta moja, polepole, mpaka panapatikana tundu la kupita sindano. Dawa ilijulikana zamani sana. Mwaka 1824 mwanakemia wa Uingereza, Humphry Davy, aliwaonyesha wanamaji wa mfalme kwamba ukibandika kipande cha zinki au cha chuma kwenye shaba iliyofunika tumbo la meli, kipande kile kitaliwa na shaba itapona. Ilipona kweli, hata ikaleta balaa jingine: shaba isipoliwa haitoi sumu yake, basi makombe na mwani vikang'ang'ania meli zikawa nzito. Lakini kanuni ya kafara ilikuwa imethibitika. Ungeweza kulitundikia tangi kipande cha zinki au magnesi kikaliwa kwa niaba yake. Matangi ya faibaglasi, yasiyojua kutu, nayo yalikuwa sokoni tangu miaka ya 1960.

Basi elimu ilikuwapo. Sasa kwa nini miaka ya 1970 na 1980 matangi yalioza kwa maelfu? Hapo ndipo nilipoacha vitabu kidogo nikamwendea mzee mmoja wa hapa hapa Dar, ambaye ameuza mafuta tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na dumu?"

Nikamwambia nimekuja na daftari. Akacheka. Akanieleza habari za kijiti: kila asubuhi kabla ya kufungua unachovya kijiti kirefu chenye namba tangini, unasoma mafuta yamefika wapi, unaandika. Kwenye ncha unapaka dawa ambayo ikigusana na maji inabadilika rangi, ujue kama tangi limeingiza maji. Jioni unapiga hesabu: yaliyokuwamo, yaliyoletwa na lori, yaliyouzwa pampuni. Namba mbili zisipokutana, kuna maneno.

"Na zisipokutana mlikuwa mnasema nini?"

"Zikipungua kidogo, bosi anasema ni joto. Petroli ni kama pombe, inaruka. Zikipungua sana, anasema ni sisi."

"Hakuna aliyesema ni tangi?"

"Tangi? Tangi liko chini, mwanangu. Nani anataka kuvunja zege aone?"

Nimenukuu mazungumzo haya kwa sababu ndani yake mna nusu ya historia ya Marekani. Huko nako upungufu ulisamehewa hivyo hivyo: joto, pampu haikupima sawa, dereva wa lori kaiba, mtoto wa pampu kaiba. Ni kweli petroli huruka na ni kweli watu huiba. Ndiyo maana tundu liliweza kujificha miaka mingi nyuma ya sababu mbili za kweli.

Mwaka 1977 sababu hizo zilikwisha nguvu katika mji mdogo wa Provincetown, jimbo la Massachusetts. Mji huo uko kwenye ncha kabisa ya rasi ya Cape Cod, ardhi yake mchanga mtupu, bahari kila upande. Hakuna mto wa kuutegemea. Maji ni yale ya mvua yaliyozama mchangani. Kituo kimoja cha mafuta kilivuja kiasi cha galoni 3,000, yaani kama lita 11,000, na kilikuwa umbali wa futi 600 tu kutoka visima vikuu vya mji. Futi 600 ni mita kama 180. Visima vikafungwa kwa miaka, mji ukahangaika kutafuta maji kwingine, na gharama ya kusafisha ikapita mbali thamani ya petroli iliyovuja.

Hapa msomaji wa Dar asimame kidogo. Sisi nasi tuko juu ya mchanga wa pwani. Tangu ukame wa mwaka 1997, bomba lilipokauka, watu na taasisi za jiji hili wamechimba visima virefu kwa wingi, na mitaa mingi bado inakunywa na kufulia maji hayo. Mtaani kwangu kisima tunachonunulia maji na sheli vinatazamana kwa barabara moja. Sisemi sheli ile inavuja. Nasema nimepima kwa miguu, ni hatua 70.

Na si lazima kivuje kingi. Ndani ya petroli mna benzini, ambayo husababisha kansa ya damu. Kiwango cha juu ambacho Marekani inaruhusu katika maji ya kunywa ni sehemu 5 katika sehemu bilioni 1. Nimepiga hesabu kwenye karatasi: lita moja tu ya petroli yenye asilimia 1 ya benzini, benzini yake yote ikiingia majini, inatosha kuharibu zaidi ya lita milioni 1.5. Lita moja! Hiyo mzee wangu angeiandika joto bila hata kukuna kichwa.

Provincetown haikuwa peke yake. Mwaka 1981, San Jose, California, iligundulika kwamba tangi la kemikali la kiwanda cha vifaa vya kompyuta cha Fairchild lilikuwa limevuja mpaka kwenye kisima cha maji ya kunywa. Viwanda vile vilisifiwa kuwa safi, havina moshi. Uchafu wake ulikuwa chini. Wilaya ya Suffolk, kule Long Island, ilikuwa imeshatunga kanuni zake yenyewe tangu mwaka 1979, na California ikafuata na sheria mwaka 1983. Huko Rhode Island, mtaa wa Canob Park, watu walikuwa wanafungua bomba la jikoni wanapata harufu ya petroli. Desemba 1983 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kikaonyesha habari hizo kwa taifa zima. Wanaosema uandishi hauna kazi wajaribu kunieleza kwa nini miezi kumi na moja tu baadaye, tarehe 8 Novemba 1984, Rais Reagan, ambaye hakuwa mpenzi wa kanuni za serikali hata kidogo, alitia saini sheria ya matangi. Seneta David Durenberger wa Minnesota alikuwa mmoja wa walioisukuma.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Sheria ile haikuanza kwa kuamuru watu wachimbe. Haikuweza, kwa sababu hakuna aliyejua matangi yako wapi. Serikali ya nchi iliyokwisha kupeleka watu mwezini haikuwa na orodha ya matangi yaliyo chini ya miguu yake. Kwa hiyo jambo la mwanzo kabisa lililotakiwa lilikuwa karatasi: kila mwenye tangi aandike, hadi tarehe 8 Mei 1986, kwamba ninalo, liko mahali fulani, lina umri huu, lina kitu hiki ndani. Na hata yaliyoachwa kutumika tangu mwaka 1974 lakini bado yamo ardhini yaandikwe pia, maana msukosuko wa mafuta wa miaka ile ulikuwa umefunga vituo kwa maelfu na matangi yakaachwa pale pale. Kuna kipengele nakipenda: kwa muda, aliyeleta mafuta alitakiwa amkumbushe mwenye tangi kwamba ana wajibu wa kuandikisha. Mtu wa lori akawa tarishi wa serikali.

Zikatokea namba. Zaidi ya matangi milioni 2.

Msomaji ataniambia kuandikisha si kuziba tundu. Kweli. Lakini angalia kilichobadilika. Kabla ya hapo tangi lilikuwa kama halipo. Upungufu ukitokea, mtu wa pampu ndiye aliyetakiwa ajitetee. Baada ya karatasi ile, tangi lilikuwa na jina la mtu. Kanuni zenyewe zilipotoka Septemba 1988 na kuanza kazi tarehe 22 Desemba mwaka huo, mzigo uligeuzwa kabisa: mwenye tangi ndiye athibitishe kwamba halivuji, na athibitishe kila mwezi.

Kanuni hizo ziligawa kazi kwa umri. Tangi lililofukiwa kabla ya mwaka 1965, au ambalo umri wake haujulikani, lilitakiwa liwe na njia ya kugundua uvujaji ifikapo Desemba 1989. Ya karibuni zaidi yalipewa mpaka Desemba 1993. Napenda hiyo ya umri usiojulikana kuhesabiwa kama uzee. Ukipoteza kumbukumbu, unawekwa foleni ya mbele. Kisha, kwa matangi yote ya zamani, miaka kumi ya kujirekebisha: kinga ya kutu, kibweta kwenye mdomo wa kujazia cha kudaka mafuta yanayomwagika, na kengele tangi likijaa asilimia 90 au vali inayojifunga lenyewe likifika 95. Asiyeweza, afunge. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 22 Desemba 1998, na EPA, yaani shirika lao la kulinda mazingira, haikuisogeza mbele.

Na kijiti? Kijiti hakikutupwa. Kanuni zilikikubali kama njia mojawapo, kwa masharti na kwa muda. Lakini hebu tazama posho waliyokipa: mwisho wa mwezi hesabu ikipishana kwa asilimia 1 ya mafuta yaliyopita, kuongeza galoni 130 juu yake, bado uko salama. Galoni 130 ni kama lita 490. Vipimo vya kielektroniki vilitakiwa viweze kugundua galoni 0.2 kwa saa, ambayo ni robo tatu ya lita, na kwa mwezi mzima ni zaidi ya lita 500. Mimi nilipoona hivyo nilishangaa. Walikuwa wameliondoa neno joto wakaweka namba badala yake, lakini namba nayo ilikuwa na mfuko mpana. Hata hivyo naipendelea namba. Namba unaweza kubishana nayo mahakamani, joto huwezi.

Mambo ya fedha ndiyo yaliyouma. Wauza mafuta walitakiwa waonyeshe kwamba wana uwezo wa kulipa dola milioni 1 kwa tukio moja la kuvuja, kwa bima au kwa njia nyingine. Kampuni kubwa hazikuona shida. Mwenye pampu mbili kijijini, aliyerithi kituo kwa baba yake, alikwenda kwa watu wa bima wakamwangalia tangi lake la mwaka 1958 wakafunga faili. Majimbo mengi yakaanzisha mifuko yao, inayolishwa kwa tozo za mafuta, ili kuwabeba hao. Wengine walibebeka, wengine walifunga. Kuna vijiji vilivyobaki bila pampu hata moja. Wako wanaosema kanuni hizi zilikuwa dili la wakubwa kuwamaliza wadogo. Sikubaliani nao, kwa sababu tangi la mtu mdogo linavuja sawa na la mkubwa na jirani anayekunywa ni yule yule. Lakini bili haikugawanywa kwa haki, hilo nalikubali.

Jambo la pembeni: uvujaji huo kwa Kiingereza cha ofisini hufupishwa kwa herufi nne, LUST, ambazo zikisomwa pamoja ni neno la uchu wa mwili. Mwaka 1986 Bunge lao likaunda mfuko wa kusafisha pale ambapo mwenye tangi hajulikani au hana kitu, fedha zake zikitoka kwenye kodi ya sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila galoni ya mafuta. Kwa hiyo kuna maofisa wazima wa serikali waliosimama bungeni kuomba fedha za Mfuko wa Uchu. Nimecheka peke yangu.

Ukidhani hadithi inaishia kwenye siku ya mwisho ya 1998, kuna MTBE. Hii ni kemikali iliyoanza kuchanganywa kwenye petroli mwaka 1979, risasi ilipokuwa ikiondolewa, na ikazidishwa sana miaka ya 1990 kwa sababu sheria ya hewa safi ilitaka petroli yenye oksijeni, iungue vizuri, moshi upungue. Hewa ilinufaika. Lakini MTBE si kama petroli nyingine. Haishiki kwenye udongo, inayeyuka majini, inatembea kasi kuliko benzini, na tone dogo tu linayapa maji ladha ya tapentaini. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vilivyokuwa vikiupa karibu nusu ya maji yake. Mwaka 1999 Gavana Gray Davis akaagiza kemikali hiyo iondolewe katika petroli ya California. Santa Monica ilikaa zaidi ya miaka kumi ikinunua maji ya mbali kabla ya kujenga mitambo ya kuyasafisha yale ya kwake.

Unaona mchezo huo? Zimamoto waliwaza moto wakasahau maji. Watu wa hewa waliwaza hewa wakasahau maji. Kila idara ilikuwa na haki yake, na kila mara aliyelipa ni kisima.

Baadaye ikaonekana kwamba hata vifaa vilivyofungwa kwa kufuata kanuni vinaweza kuwapo na visifanye kazi: kengele isiyolia, kibweta kilichopasuka. Sheria ya nishati ya mwaka 2005 ikataka ukaguzi angalau kila miaka mitatu, waendeshaji wafunzwe, na kituo kinachokaidi kinyimwe mafuta kabisa. Kanuni za mwaka 2015 zikaongeza kwamba vifaa vyenyewe vipimwe. Kwa jumla zaidi ya matangi milioni 1.7 yamefungwa tangu kazi hiyo ianze, na zaidi ya 500,000 yamethibitika kuvuja. Mengi yameshasafishwa, mengine bado, na mafundi wa ujenzi wanaendelea kuyafukua yale ambayo hayakuandikwa na mtu, chini ya duka la maua au chini ya maegesho.

Tanzania ina Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, na ina EWURA inayosimamia vituo vya mafuta. Sheli mpya haijengwi bila karatasi. Ninachofuatilia mimi ni zile za zamani, zilizofukiwa kabla ya karatasi hizo, na zaidi zile ambazo leo si sheli tena bali ni baa, gereji au ghorofa. Mzee wangu alinitajia nne kwa vidole, akanionyesha zilipokuwa. Nimezichora kwenye ramani.

Daftari la kijiti nimepata moja tu mpaka sasa. Halina jalada. Linaanza Machi linaishia Agosti, mwaka haukuandikwa, na kwenye safu ya upungufu mkono ule ule umeandika kila Jumamosi neno moja: joto. Msomaji mwenye baba, mjomba au jirani aliyewahi kushika kijiti, naomba amuulize madaftari yake yalikwenda wapi, na kama hayajafungiwa maandazi, aniandikie kwa anwani ya gazeti hili.